Matezi ya Karani

Kwa Mzee Noeli,
Zuzu,
Dodoma.

14 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Silvano,

"Mbwa hapati saratani. Saratani ni ugonjwa wa watu. Hayo ni matezi tu, mchomeni tena, na huyo binti wa darubini mwambieni arudi kwenye ng'ombe."

Hayo ni maneno yako, uliyomtumia Baba kwa sauti kwenye simu Jumapili iliyopita, tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kanisani. Nimeyanukuu neno kwa neno usije ukasema nimekusingizia. Humo ndani kuna jambo moja tu la kweli, kwamba hayo ni matezi. Mengine yote nitayabomoa hapa, moja baada ya jingine, na utanisikiliza mpaka mwisho kwa sababu barua haikatwi kama simu. Nimekupigia mara nne. Mara mbili hukupokea, mara mbili ulikata.

Lakini hata ugomvi una adabu yake, kwa hiyo salamu kwanza. U hali gani? Mgongo wako umepoa au bado unalalia ubavu mmoja? Loisi hajambo? Seth na Miriam wanasomaje? Nasikia huko Nachingwea mmeanza kufagia maghala kuisubiri korosho mpya. Mungu awape msimu mwema.

Mimi mwili ni mzima. Ulimi pia ni mzima, kama unavyoona. Huku kiangazi kimekaza. Upepo wa Agosti unabeba vumbi lote la njia ya reli na kulileta mezani, na asubuhi ni baridi ya kukunja vidole. Petro, jirani yetu, anavuna zabibu zake na ametuletea ndoo moja. Baba anakusalimu. Bado anakula ugali wake wa uwele na mlenda, ila siku hizi anaacha nusu. Jicho la kulia limekwisha kabisa kwa ile presha ya macho. La kushoto linaona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu.

Sasa nije kwa Karani.

Ulimleta akiwa ndani ya boksi la sabuni mwaka ule ulipohamia kusini. Ukamwambia Baba, "Huyu ni wangu, nimekuwekesha." Ulisema kwa utani, nilikuwepo, nilicheka. Baba hakuusikia utani. Alimpokea kama babu yetu alivyopokea ng'ombe za watu, kwamba maziwa ni ya anayechunga, lakini mnyama ni wa mwenyewe, huwezi kumchinja wala kumtoa bila neno lake, na akifa unampelekea mwenyewe ngozi aione kwa macho yake. Miaka minane Baba amemchunga mbwa wako kwa sheria hiyo.

Na tangu macho ya Baba yaharibike, mbwa ndiye aliyemchunga yeye. Jioni anasimama langoni mwa zizi, haondoki mpaka mbuzi wa mwisho apite. Akikosekana mmoja hagusi hata mfupa, na Baba anajua kuna mbuzi amebaki korongoni. Ndiyo maana jina ulilompa wewe lilisahaulika, akawa Karani.

Mwishoni mwa Mei, Baba akimpapasa shingo alikuta vivimbe viwili chini ya taya, kama mayai ya kanga, vigumu, visivyouma. Baada ya siku chache vikatokea vingine mbele ya mabega. Akakupigia wewe, mtaalamu wa ukoo, uliyekaa chuo cha mifugo miezi sita ukarudi na koti jeupe bila cheti. Nawe bila kumuona mgonjwa, ukiwa umbali wa siku mbili kwa basi, ukasema ni ndigana. Ukasema ng'ombe akivimba tezi chini ya sikio huchomwa, basi na mbwa achomwe.

Baba alikitoa darini kile chuma cha kuchomea ndama, akakipasha, Petro akamshika mbwa. Walichoma sehemu nne. Nilipofika Jumamosi kutoka kwangu Msalato, harufu ya manyoya ilikuwa bado imeng'ang'ania jikoni, na Karani akaja kunilaki akiwa amekaza shingo kama mtu aliyebeba ndoo. Alitikisa mkia, Silvano. Hilo ndilo nisilolisahau.

Sibezi mila, wala sitaki unijibu kwamba vitabu vimenipotosha. Nakujibu kwa hoja. Ndigana huletwa na kupe, na mdudu wake anakaa ndani ya damu na matezi ya ng'ombe. Chuma kinachoma ngozi. Ng'ombe anayepona baada ya kuchomwa angepona hata kama usingemgusa, na yule anayekufa hasimulii. Ndivyo chuma kilivyopata sifa zake zote, kwa kuhesabiwa waliopona tu. Tena ndigana hiyo ni ya ng'ombe, haiko kwa mbwa. Kwa hiyo mlimtibu Karani kwa dawa isiyotibu, ugonjwa ambao hawezi kuupata.

Ndipo nikamleta Daktari Ruthu. Ni binti wa Kondoa, kutoka Busi, hata miaka thelathini na tano sidhani kama ametimiza. Alifika na pikipiki, akavua helmeti, akamwendea Baba kabla hajamtazama mbwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Mgonjwa wako ni yule. Mimi ni kipofu tu."

"Vidole vyako vimeona mapema kuliko macho ya watu, babu. Niambie ulianza kugusa nini, na lini."

Akamhoji Baba kwa muda mrefu kama hakimu. Mbwa anakula vipi, anakunywa vipi, amepungua, anakohoa, amewahi kuokotwa kupe wangapi kwa siku. Halafu akampapasa kuanzia puani mpaka mkiani, ufizi, macho, chini ya taya, mabega, makwapa, kinena, nyuma ya magoti, na kila tezi akaipima na kuandika ukubwa wake daftarini. Baba alikuwa anasikiliza mikono yake. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Huyu anashika kama mtu anayenunua beberu kwa fedha yake mwenyewe."

Ulisema daktari ameangalia uvimbe akabuni saratani. Sikiliza. Siku ile neno saratani hakulitamka. Mimi ndiye niliyemshika nalo, na akanijibu, "Mama, uvimbe hauna jina usoni." Akaeleza kwamba tezi za mbwa huvimba kwa homa za kupe, kwa nagana iletwayo na mbung'o, kwa kidonda kilichooza, na kwa saratani pia, na kwamba kwa mkono huwezi kuzitenganisha. Akachukua damu kidogo ukingoni mwa sikio, akaipaka kwenye kioo ili atafute wadudu. Hakuwapata. Hata hivyo akatoa dawa ya homa ya kupe, kwa sababu wadudu hao wana tabia ya kujificha.

Kisha akachukua sindano nyembamba, kama ile ya kuchanjia watoto, akaichoma kwenye tezi ya taya. Sindano hiyo haiingizi kitu. Inaingia na kutoka, inabeba chembe ndani ya tundu lake, halafu anazipuliza juu ya kioo, anazitandaza kwa kioo kingine, anazipunga hewani zikauke. Dakika tano, na Karani hakulia.

Kesho yake akaniita kliniki mjini. Alikuwa amekaa mbele ya darubini, uso umemshuka.

"Mama, hapa naona moto tu."

Chembe zote zilikuwa za usaha na za nyama iliyoungua. Tezi nne zilizojaa zaidi, zile ambazo angezisoma kwa urahisi, ndizo hizo nne mlizozichoma. Akasema akitamka kwamba ni saratani atakuwa anabahatisha, akitamka kwamba siyo atakuwa anadanganya. Ikabidi tusubiri vidonda vipoe. Wiki tatu. Wiki tatu hizo ni zako, Silvano, nakukabidhi.

Kilichotuokoa, kama hilo ndilo neno lake, ni kwamba mchomaji wa ng'ombe haangalii nyuma ya goti. Huko kuna tezi mbili ndogo. Mwezi Juni zilikuwa kama kunde. Mwanzoni mwa Julai zilikuwa kama limau, na chuma hakikuwa kimezifikia. Daktari akadunga hapo. Safari hii aliponiita, alinisogezea kiti nitazame mwenyewe.

Sikiliza nilichokiona, kwa sababu wewe unasema ni hadithi. Aliniwekea kwanza kioo cha mbwa mzima. Chembe zilikuwa za kila namna, ndogo nyingi, za kati chache, kubwa moja moja, kama mtama wa sokoni ambao haujapepetwa. Kisha akaweka cha Karani. Zote zilikuwa kubwa, zote za saizi moja, zimesongamana, sura ileile kutoka pembe mpaka pembe. Nilimsimulia Baba jioni, naye akasema, "Hao ni ndama wa ng'ombe mmoja." Nilipomrudia daktari na maneno hayo aliacha kuandika. Akasema chuoni walisomeshwa jambo hilo wiki nzima na hakuna mwalimu aliyelisema vizuri hivyo. Chembe moja iliharibika, ikazaa, na wote wale ni uzao wake.

Wewe ungeishia hapo. Yeye hakuishia. Alisema sindano inamwonyesha watu wa nyumba, lakini haimwonyeshi nyumba yenyewe ilivyojengwa, kwa hiyo lazima achukue kinyama cha tezi yenyewe. Akampiga Karani nusukaputi, akaitoa tezi nzima ya goti la kushoto, akaitumbukiza kwenye kopo la formalini, dawa nyingi, nyama kidogo, akaifunga na kuipeleka Morogoro kwa mtaalamu anayeikata nyembamba kuliko karatasi. Siku hiyo Petro alinikuta namrudisha mbwa amefungwa bendeji.

"Editha, mbwa ameshafanyiwa upasuaji. Kuku wako watakwenda lini kusafishwa meno?"

Nikamwambia wakiota meno nitaanza na yeye, awasindikize. Alicheka, Baba naye akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kumsikia Baba akicheka, na nilimjibu Petro kwa ukali kuliko alivyostahili.

Majibu yalifika tarehe moja mwezi huu. Saratani ya matezi, ile inayoanzia kwenye askari wa mwili wenyewe, na ni ya aina inayokimbia. Siku mbili baadaye daktari akampitishia mashine ya picha tumboni. Bandama imejaa, ini limejaa. Basi. Tumeipata hakika, na hakika yenyewe haitusaidii kitu. Dawa zipo duniani. Ni za sindano kila wiki kwa miezi, na damu kupimwa kila mara, na hapa Dodoma hazipatikani, na hata zikipatikana zinasogeza siku tu, haziponyi. Nilimuuliza daktari swali ambalo nilikuwa nimelinoa kwa ajili yako: je, kama tungekuja Mei, kabla ya chuma?

"Hata Mei, mama, tungeongeza miezi. Tusingemponya."

Nilitaka ajibu vinginevyo. Nilitaka niwe na kitu cha kukupiga nacho. Kwa hiyo nakukabidhi haki yako pia: chuma chako hakikumuua Karani. Kilimtesa, kikauficha ugonjwa wiki tatu, lakini hakikumuua. Hata hasira yangu haina pa kushika.

Watu wananiuliza, na wewe utaniuliza, kwa nini niliendelea wakati mwisho ni uleule. Wanasema watu wanakufa kwa saratani, Editha, na wewe unahangaika na mbwa. Nitakujibu mara moja, kisha sitalirudia. Mama alikaa na uvimbe titini miezi saba. Alipakwa majivu ya mizizi, akaombewa, akafungwa kitambaa. Hakuna aliyemdunga sindano nyembamba, hakuna aliyechukua kinyama, na mimi nilikuwa mwalimu, nimesoma vitabu vyote hivi mnavyonicheka navyo, nikanyamaza kwa sababu wazee walikuwa wameshasema ni jipu. Tulimzika na ugonjwa usio na jina. Kwenye cheti wakaandika "vidonda". Mbwa wako amepata alichokikosa mama yetu, na alichokipata ni jina tu. Siringi kwa hilo.

Sasa hali ilivyo leo. Matezi yamekutana kooni. Akipumua unasikia kama mtu anakata ubao chumba cha pili. Hawezi kumeza ila uji wa uwele, na Baba anamlisha kwa kiganja, tone kwa tone, kisha mwingi unarudi. Miguu ya nyuma imevimba. Juzi jioni mbuzi walipokuja aliburuta mwili mpaka langoni, akalala pale kwa sababu kusimama hawezi, akawa ananyanyua kichwa kila anapopita mmoja. Wa mwisho alipoingia hakuweza kurudi. Tulimbeba.

Daktari Ruthu amesema kilichobaki ni sindano ya kumpumzisha. Atalala kwanza, kisha moyo utasimama, hatajua. Akisubiriwa, atakufa kwa kukosa pumzi, akiwa macho. Tumemuomba Baba. Nimemuomba kwa upole na kwa ukali. Jibu lake ni moja.

"Mbwa ni wa mwenyewe. Mwenyewe amesema achomwe, hajasema auawe."

Nikamwambia nitampa idhini mimi, binti yake mkubwa. Akaniambia, "Wewe ulimleta?" Daktari naye hawezi kumgusa mnyama ambaye mchungaji wake amekataa, na simlaumu.

Kuna jambo jingine ambalo Baba hajakuambia na hatakuambia. Siku ile ya majibu, daktari akiwa anafunga begi, Baba alimshika mkono akamuuliza, "Mjukuu, kile chuma ndicho kilichoukimbizia ugonjwa ndani?" Akamjibu hapana, babu, ulikuwa umeshaingia. Akamuuliza tena. Akamjibu tena. Tangu hapo anauliza kila mtu, hadi wauza maji. Mimi haniamini kwa sababu mimi na wewe tunagombana. Daktari hamwamini kwa sababu anadhani anamhurumia. Anasubiri kusikia kutoka kwa aliyesema achomwe. Na aliyesema achomwe, Jumapili, amesema achomwe tena. Chuma kimeshashushwa darini, Silvano. Kipo kando ya mafiga. Baba hajakipasha, lakini hajakirudisha.

Wasalimu wote huko. Mwambie Seth babu yake anamuuliza kama bado anaogopa jogoo. Miriam mwambie nimemwekea kitabu. Shangazi Stumai amekuja kutuona juma lililopita, miguu inamuuma ila ni mzima, anawasalimu. Kijana wetu Anselmi amepata kibarua kule uwanja wa ndege wa Msalato. Mungu awafunike nyote, awape usingizi usio na deni kwa mtu yeyote.

Barua hii nampa kondakta wa basi la leo, itakufikia Ijumaa. Daktari Ruthu atafika hapa Jumamosi saa kumi jioni, akiwa na sindano au bila ya sindano, kutegemea wewe. Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya maabara ya Morogoro, ile ya asili. Siyo mimi niliyeamua kuituma. Nilipokuwa naandika Baba aliipapasa mezani, akaikunja mara nne, akanipa.

"Ngozi ya mbwa haipelekwi. Mpelekee hii."

Umeshaletewa ushahidi, na mnyama angali hai. Kwa hiyo nakudai wewe Silvano, na wewe Loisi unayemsomea, maana najua miwani yake imevunjika na hataki kuiambia dunia: Jumamosi kabla ya saa kumi mpigie Baba. Usinipigie mimi. Mpigie Baba, sauti yako mwenyewe, na useme mambo mawili tu. Kwamba Karani umemwachia apumzike. Na kwamba kuhusu chuma, neno lilikuwa lako, mkono wake ulitii tu.

Nami ni dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea,

Editha